Anga jeupe, nyuso nyeusi: ninunue kamera au nibaki na simu?

*Swali: Shikamoo mzee. Nina miaka 31, ni mhasibu, naishi Chumbageni hapa hapa Tanga. Tangu mwaka jana nimejiwekea desturi: kila mwisho wa mwezi napanda gari kwenda mahali nisipopazoea, na kazi yangu huko ni kutembea na kupiga picha. Nimekwenda Pangani, Tongoni, Lushoto, mapango ya Amboni, na Bagamoyo mara moja. Natumia simu. Nikiwa kule naona mambo ya ajabu, lakini nikirudi nyumbani nikizifungua picha nakata tamaa. Anga jeupe kama karatasi, nyuso za watu nyeusi hata humtambui mtu, milima ya Usambara imekuwa vichuguu, na jua likizama baharini kama la Zanzibar sijalipata hata siku moja. Nimeweka akiba shilingi 1,600,000 ninunue kamera kubwa ya mtumba. Mke wangu anasema nakwenda kutupa fedha. Jambo la pili: siku moja wanaposhushia samaki, mama mmoja alinifokea mbele za watu kwa kumpiga picha bila kumwambia. Tangu hapo napiga watu kwa mbali kwa kuvuta, na picha zenyewe zinatoka na ukungu. Tatizo ni simu, ni mimi, au vyote viwili? Na sheria inasemaje?*

Marahaba mwanangu. Mpe mkeo salamu zangu, maana huko mbele nitamtetea kidogo.

Nikurudishie kwanza swali lako kama nilivyolielewa. Unasafiri, unaona, unapiga, na ulichokiona hakimo kwenye picha. Ukaamua kwamba kilichopotea kimepotelea ndani ya simu, na kwamba kamera kubwa ingekikamata. Mimi nimepiga watu picha kwa mikanda pale Ngamiani miaka mingi kabla simu hazijaota jicho, na malalamiko ya anga jeupe na nyuso nyeusi nilikuwa nayasikia vile vile, kwa wateja waliokuja kusafisha picha zao za harusi na za safari. Ugonjwa huu haukuletwa na simu. Unatokana na saa unayopiga na mahali unaposimama. Kamera ya 1,600,000 ukiipeleka mahali pale pale, saa ile ile, itakupa anga lile lile jeupe, ila litakula nafasi zaidi kwenye kompyuta.

Tuanze na nyuso. Kamera yoyote, ya simu au ya kuning'iniza shingoni, haijui inatazama nini. Inapima mwanga unaoingia, kisha inajitahidi picha nzima kwa wastani ifanane na kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mahali penye mchanganyiko wa miti, udongo na watu, makisio hayo hayana shida. Sasa msimamishe mtu mbele ya ukuta wa chokaa, au kwenye mchanga mweupe, au mgongo wake uelekee bahari inayometameta saa nane mchana. Mwanga umefurika. Kamera inadhani mambo yamezidi, inapunguza. Ukuta unashuka kuelekea kijivu, na uso wa mtu, ambao tangu mwanzo ulikuwa na mwanga mdogo kuliko ukuta, unatumbukia gizani. Simu za siku hizi hutambua sura na kujaribu kuisaidia, lakini mtu akivaa kofia au akigeuka ubavu, msaada huo unakwisha.

Ngozi zetu ndizo zinazoumia zaidi katika hesabu hiyo, na zamani hali ilikuwa mbaya kuliko unavyodhani. Maabara za picha za rangi zilikuwa zikipanga mashine kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi zenyewe ziliitwa Shirley. Mashine ikishapangwa ili Shirley apendeze, bibi harusi wa Ngamiani anatoka kivuli chenye meno. Nilikuwa nasimama ubavuni mwa fundi wa mashine nikimwambia ongeza, ongeza, bado, ongeza tena, mpaka anachoka na mimi.

Wewe huhitaji kumchosha mtu. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu. Kitatokea kialama cha jua pembeni. Kisukume juu mpaka uso uonekane kama unavyouona kwa macho. Ukigusa na kukandamiza kidogo bila kuachia, simu nyingi hushikilia kipimo hicho hata ukisogea. Ukuta nyuma yake utaungua, yaani utatoka mweupe tupu. Uache uungue, hukumfuata ukuta.

Na kama ulichofuata ni anga na mawingu, fanya kinyume chake: gusa anga, teremsha mwanga, na ukubali kwamba watu na mashua zitakuwa vivuli. Vyote viwili kwa pamoja, saa ile ya mchana, ni vigumu. Macho yako yanaviona vyote kwa sababu mboni inajibana ukitazama juu na kujifungua ukitazama uso, na ubongo unavishona vipande hivyo bila kukuambia. Kamera inameza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Simu hujaribu kuiga ubongo kwa kupiga picha kadhaa haraka haraka na kuziunganisha, na inafaulu kiasi, lakini tanga linalopepea au mkono unaopunga hutoka na kivuli maradufu. Nadhani huo ni sehemu ya ukungu unaousema.

Sasa hili la jua kuzama baharini. Mwanangu, umezaliwa pwani, hebu simama ufukweni uonyeshe kwa kidole jua linachomozea wapi. Bahari yetu iko mashariki. Picha za Zanzibar unazozionea wivu zinapigwa Mji Mkongwe, upande wa magharibi wa kisiwa, unaotutazama sisi wa bara. Pale Bagamoyo hata ukikaa mpaka isha, jua litazama nyuma yako, juu ya mapaa na minazi. Hapa Tanga tuna bahati ya ghuba: ukiwa Raskazone ukageukia ndani, upande wa mjini, utaliona jua likishuka ng'ambo ya maji. Lakini bahari kuu yenyewe ni ya alfajiri, na kwa maoni yangu wapiga picha wa Zanzibar ndio wanaopaswa kutuonea wivu sisi. Asubuhi ngalawa zinatoka na upepo wa nchi kavu, jua liko nyuma yake, na unapata vivuli vyeusi vya matanga na watu juu ya maji ya dhahabu. Alasiri mambo yanageuka: jua liko mgongoni kwako, linaangaza kila tanga usoni, na anga lililo mbele yako, kwa kuwa liko upande usio na jua, ndilo lenye buluu iliyokolea zaidi. Kwa hiyo ukitaka rangi za bahari, njoo saa kumi. Ukitaka vivuli, njoo alfajiri. Nina shaka kwamba wewe umekuwa ukifika kati ya saa nne na saa nane, kwa sababu ndizo saa ambazo gari la safari linakufikisha.

Tena usichelewe. Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta jua linapanda wima kama mkwezi wa mnazi. Linakwenda nyuzi 15 kwa saa, na karibu zote ni za kupanda juu. Ulaya linapanda kwa mshazari, ndiyo maana wenzetu wa huko wanaweza kusifia mwanga laini wa muda mrefu. Hapa jua linachomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12:35 hivi, kutegemea mwezi, na ikifika saa moja na nusu ule mwanga wa asali umeshakwisha. Mtu anayekuambia una saa mbili za mwanga mzuri asubuhi amesoma maelezo ya watu wa nchi nyingine. Na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, mlingoti hauna kivuli. Siku hizo kila mtu ana mashimo mawili meusi badala ya macho.

Wengi watakuambia adhuhuri weka simu mfukoni ukale. Sikubaliani nao. Adhuhuri ndiyo saa ya rangi ya maji ukiwa juu, kwa mfano ukivuka mto Pangani kwenda Bweni na kupanda kilima, kwa kuwa mwanga unashuka wima na kuingia mpaka chini badala ya kurukia machoni kwako. Ni saa ya vichochoro pia. Na ni saa ya baraza. Nyumba zetu zilijengewa studio bila mwenye nyumba kujua: mtu aliyeketi barazani amefunikwa juu asipigwe na jua, na mbele yake uwanja wenye mchanga unamrudishia mwanga laini usoni kutoka chini. Mwombe ageukie nje, wewe usimame nje kidogo, kipimo ukiweke usoni mwake. Picha zangu za wazee ninazozipenda zaidi zimepigwa saa saba mchana, barazani, bila taa wala mwavuli wa studio.

Mawe yanataka kitu kingine. Pale Tongoni kuna yapata makaburi arobaini ya kale, na mengine yalikuwa na nguzo ndefu za mawe, nyingi zimeshaanguka. Ukifika saa sita nguzo inaonekana kama gogo. Ukifika saa moja asubuhi, jua likiipiga kutoka ubavuni, kila mchongo na kila shimo linatupa kivuli chake kidogo na nguzo inakuwa na ngozi. Ni kilomita zisizofika 20 kutoka mjini kwa barabara ya Pangani. Chukua bodaboda ya alfajiri. Usipande juu ya kaburi kutafuta pembe nzuri. Nimewaona watu wakifanya hivyo na sikuweza kunyamaza.

Milima kuwa vichuguu kuna sababu yake. Lenzi kuu ya simu ni pana mno, inakusanya kila kitu na kukisukuma mbali. Ulipokuwa Irente, kule Lushoto, ukichungulia tambarare kutoka kwenye lile jabali, macho yako yaliuchagua mlima mmoja na kusahau mengine, simu haikuchagua. Una njia mbili. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, lenzi halisi, itumie. Au weka kitu karibu: mtu amesimama ukingoni kwa usalama, jiwe, tawi, ili jicho lipate pa kuanzia na kupima umbali. Ila kule kuvuta kwa vidole viwili zaidi ya uwezo wa lenzi, simu haivuti kitu. Inakata kipande cha katikati cha picha na kukinyoosha kama chapati. Hapo ndipo unapotoka ukungu mwingine. Kabla hujapiga mahali popote, jisemee kwa sauti, "Napiga picha ya...", kisha umalize sentensi. Ukiishia na "hapa", bado hujapata picha.

Pwani ina kalenda yake. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hujaa karibu na saa kumi na kukupwa karibu na saa nne, na tofauti yake hupita mita tatu. Maana yake saa nne asubuhi siku hizo utakuta watu wako mbali kwenye miamba wakitafuta pweza, na mashua zimelala ubavu kwenye tope. Saa kumi jioni mahali hapo hapo ni bahari. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume. Wavuvi wanayajua haya kwa moyo, waulize. Na jambo ambalo sielewi kwa nini watu wetu hawalipigi picha: jioni ya mwezi kumi na nne, au ya siku moja kabla, geuka uache jua lizame mgongoni. Mwezi unachomoza baharini mbele yako, mkubwa, mwekundu kidogo, wakati anga bado lina mwanga wa kutosha kuonyesha mashua. Ukichelewa siku mbili, utachomoza gizani, na utakuwa kitone cheupe katika weusi.

Nije kwa yule mama. Nitakwambia ukweli, alikuwa na haki. Mtu yuko kazini, kashika kisu, magamba mpaka kwenye viwiko, leo samaki hawajaja wa kutosha, halafu kijana msafi anatoa simu na kumnyooshea. Hakujui, hajui picha inakwenda wapi. Wewe ukajibu kwa kurudi nyuma hatua ishirini na kuvuta. Sasa unafanya jambo lile lile kwa kujificha, na picha zenyewe zinasema hivyo: watu wako wote wametazama pembeni, kama wametegwa.

Sogea karibu bila kutoa simu. Salimia kama mtu aliyelelewa: shikamoo kwa mkubwa, habari za kazi kwa wengine, na ngoja ujibiwe. Nunua samaki kama una haja ya samaki. Kisha sema shabaha yako: mimi natembea napiga picha za sehemu za mkoa wetu, naomba nikupige ukiwa kazini. Akikataa, sema asante na uondoke bila kununa. Akikubali, atajitengeneza na kusimama wima kama picha ya pasipoti. Mpige hiyo, ni yake. Halafu kaa. Baada ya dakika kumi atarudi kwenye kazi yake, na hapo ndipo utapata uliyoitaka. Mtu akisema lipa kwanza, amua mwenyewe. Mimi silipi picha, lakini nanunua bidhaa na narudisha nakala. Kusafisha picha moja si gharama kubwa, na nakala ya karatasi ina uzito ambao picha ya WhatsApp haina. Wakati mmoja nilimpelekea muuza samaki nakala yake nikiwa najivunia; akaitazama, akaniambia, "Umepiga samaki, mimi umenipita." Nikaitazama upya. Kipimo nilikiweka kwenye samaki, uso wake ulikuwa giza. Nilirudi kesho yake.

Watoto, mwombe mzazi. Msikitini usipige wanaoswali, na nje uliza kwanza. Amboni kuna sehemu watu wanapeleka matambiko yao, mfuate mwongozaji anavyokuambia. Msibani, simu ibaki mfukoni.

Kuhusu sheria, sitaki kukutisha wala kukupumbaza. Kupiga picha za matembezi kwa kujifurahisha si kosa. Ila kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, viwanja vya ndege na mitambo ya serikali usivielekezee lenzi bila ruhusa. Kwa sisi wa Tanga ongeza Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda. Kumbuka hilo unapopiga machweo ya ghuba, maana bandari iko pale pale. Geuza pembe, au muulize mlinzi. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hata kama ni ndogo kama kunguru. Na tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022. Ikitokea mtu anataka kununua picha yako yenye sura ya mtu kwa ajili ya tangazo, pata ridhaa ya maandishi ya mwenye sura, na kama kuna fedha ya maana au kuna mtu amelalamika, usiniulize mimi, mwone wakili.

Haya, kamera. Mkeo ana haki kwa sasa, pengine si daima. Kamera kubwa ina kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kikubwa mara nyingi kuliko cha simu, kwa hiyo inakusanya mwanga mwingi zaidi: jioni, ndani ya nyumba, ndani ya pango utaona tofauti. Inavuta kwa lenzi ya kweli, na inakupa fursa ya kupanga mwenyewe tundu la lenzi linaloingiza mwanga na muda wa shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga. Lakini ina mkia mrefu: betri ya akiba, kadi, begi, kompyuta ya kuhifadhia, na baada ya miezi sita utataka lenzi nyingine. Inavuta macho ya vibaka. Na watu watajibana zaidi mbele yake kuliko mbele ya simu. Megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyounda picha, zisikubabaishe, picha ya kutundika ukutani sebuleni haihitaji zaidi ya 12.

Ningekuwa wewe ningenunua kwanza stendi ndogo ya miguu mitatu. Ile ndiyo dawa ya Amboni: simu isimame juu yake, tumia hali ya usiku, weka kihesabu cha sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise, na zima flashi, maana itaangaza vumbi la hewani na kuwasumbua popo. Halafu safari tatu zijazo fanya kwa saa na mahali nilivyokuambia. Baada ya hapo tazama malalamiko yaliyobaki. Yakiwa ni giza au umbali, nunua, tena kwa moyo mweupe, na mkeo mwonyeshe hizo picha. Yakiwa mengine, fedha hiyo ina nauli nyingi ndani yake.

Ukinunua mtumba, usimlipe dalali kabla hujamulika tochi ndani ya lenzi na kuchungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na kuvu inapenda mahali pa giza pasipo na upepo. Ikikaa muda mrefu inakula hata utando wa kioo, hakuna fundi wa kuurudisha. Lenzi yangu moja nzuri niliifungia kwenye mkoba wa ngozi kabatini, nikaugua, nikaisahau mwaka mzima. Sasa naitumia kubania karatasi mezani. Piga pia picha ya anga tupu kwa tundu dogo kabisa la lenzi, uone kama kuna madoa, na uliza shata imepiga mara ngapi.

Iwe simu au kamera, chumvi ya bahari ni adui. Ukirudi pwani ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usifute kwa shati lenye mchanga. Kamera ikae kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na ukishuka kwenye basi lenye kiyoyozi, lenzi itajaa jasho papo hapo, kwa sababu hewa ya joto yenye mvuke imekutana na kioo baridi. Usifute futefute. Iache begini, begi limefungwa, kama dakika 20 ipate joto. Hivi wewe picha zako za kwanza kila ukifika mahali, ndizo zenye ukungu kuliko zote? Kama ndiyo, umepata jibu la tatu.

Iwapo umefanya yote haya na picha bado zina ukungu hata za mchana, karibu, mkono ukiwa umetulia, mpelekee fundi wa simu aitazame lenzi. Kioo cha nje kikichubuka hakuna ujuzi utakaokusaidia. Kamera yenye kuvu usiifungue mwenyewe kwa bisibisi. Na nikuonye kwa uzito: kamera yenye kitundu cha kuchungulia cha kioo, ukiielekeza kwenye jua na lenzi ya kuvuta, unachoma jicho lako mwenyewe. Ukishawahi kufanya hivyo halafu ukaona doa katikati ya kila unachokitazama, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Uandike pia, kila ukirudi, mistari miwili: wapi, lini, nani. Picha ya shamba la mkonge njiani kwenda Muheza ni majani tu mpaka mtu asome kwamba mmea huo uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba katika miche 1,000 aliyoagiza iliyopona ilikuwa 62. Mhasibu hashindwi na daftari.

Kwa yule mama rudi, lakini nenda asubuhi mapema, kabla mashua hazijafika. Zikishafika hana muda na mtu.